Ardhi Isiyo na Wenyewe: Kutoka Ghuba ya Tikhaya hadi Bonde la Yaeda

Desemba iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Haydom, niliketi pembezoni mwa mnada pamoja na mzee mmoja wa Kihadzabe aliyekuwa amepanda kutoka Yaeda Chini kuuza asali. Tunafahamiana tangu marehemu baba yangu alipokuwa akinunua asali kwake. Aliniuliza siku hizi huko chuoni ninafundisha nini. Kwa kuwa kichwani nilikuwa na mhadhara niliokuwa nikiuandaa, nikaanza kumsimulia habari za ghuba moja iliyo karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia, mahali ambapo jua halizami tangu katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Agosti, kisha halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Februari. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

“Na wenyewe ni akina nani?”

Nikamjibu kwamba haina wenyewe. Haikuwahi kukaliwa na kabila lolote.

Akatikisa kichwa. “Hakuna nchi isiyo na wenyewe, mwanangu. Labda hao waliokwenda walifika msimu ambao wenyewe wamehama.”

Nilicheka. Usiku ule, hata hivyo, sikupata usingizi mapema. Kuhusu ghuba ile mzee alikosea, na hilo si kosa la kumlaumu mtu. Lakini alikuwa akisema kwa uzoefu wa nchi yake mwenyewe, maana historia ya Bonde la Yaeda na pwani za Ziwa Eyasi ni historia ya wageni waliofika wenyewe wakiwa wamehamia upande wa pili wa kilima, wakatazama kushoto na kulia, wakaandika kwamba hapana mtu. Na kama nitakavyoeleza, yupo mtu mmoja aliyeziona nchi hizo zote mbili, ile ya barafu na hii yetu ya mibuyu, ndani ya miaka mitatu.

Ghuba hiyo inaitwa Tikhaya. Iko katika Kisiwa cha Hooker, kimojawapo cha visiwa zaidi ya 190 vinavyoitwa kwa pamoja Franz Josef Land, katika latitudo ya digrii 80, yapata kilomita 1,100 kutoka Nchani. Zaidi ya asilimia 80 ya visiwa hivyo imefunikwa na barafu ya kudumu. Hakuna mti hata mmoja. Mahali palipo wazi pana mimea inayotambaa, isiyozidi kimo cha kidole, juu ya miamba ya volkeno ambayo sisi tuliokulia tukiutazama Mlima Hanang tusingeiona ngeni sana. Wakazi wake ni dubu weupe, walrasi wenye pembe ndefu kama za ngiri, na ndege wa baharini. Ng’ambo kidogo ya ghuba umesimama mwamba mrefu wenye nguzo za jiwe jeusi, ambako ndege hao hutaga kwa maelfu, nao unaitwa Mwamba wa Rubini, kwa jina la mwimbaji mashuhuri wa opera wa Italia. Nadhani aliyeupa jina hilo alikuwa mtu mwenye ucheshi, kwa maana kelele za ndege wale hazina uhusiano wowote na muziki.

Mtu yeyote anayesoma ramani ya visiwa hivyo atagundua jambo moja haraka: ni kama orodha ya wageni waalikwa katika karamu ya wakubwa wa Ulaya. Visiwa vilionwa mwaka 1873 na msafara wa Austria na Hungaria ulioongozwa na Karl Weyprecht na Julius Payer, baada ya meli yao kunaswa na barafu na kuburutwa kwa zaidi ya mwaka mmoja bila wao kujua inakopelekwa. Wakavipa jina la mfalme wao, Franz Josef. Kisiwa cha kaskazini kabisa kikapewa jina la mrithi wake, Rudolf. Kisiwa cha Hooker chenyewe kilionwa mwaka 1880 na Mwingereza Benjamin Leigh Smith, naye akakipa jina la mtaalamu wa mimea, Joseph Hooker.

Naomba msomaji asimame kidogo katika jina la Rudolf. Mwaka 1888, miaka michache tu baada ya jina hilo kuwekwa juu ya barafu, raia wengine wawili wa dola hiyohiyo, Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, walifika katika ziwa kubwa la chumvichumvi kaskazini mwa Kenya. Waturkana, Waelmolo, Wadasanachi na wengineo walikuwa wakivua na kunywesha mifugo yao hapo tangu kale, na kila mmoja alikuwa na jina lake la ziwa lile. Teleki aliliita Ziwa Rudolf. Jina likadumu hadi mwaka 1975, Kenya ilipoliita Turkana. Mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kufika Aktiki wala Turkana, na aliyejiua mwaka 1889, alikuwa na kisiwa kwenye barafu na ziwa kwenye jangwa. Kitendo cha kutoa jina kilikuwa kilekile. Tofauti ni kwamba kule hapakuwa na mtu wa kuuliza, na huku walikuwapo.

Jina la Tikhaya ni la Kirusi, na maana yake ni tulivu. Alilitoa Georgy Sedov, ofisa wa jeshi la majini la Urusi, aliyeingiza meli yake humo mwaka 1913 ili kujikinga na upepo na barafu inayoelea. Sedov alikuwa akitafuta kufika Nchani. Hakuwa na fedha za kutosha, na mafuta ya kuendeshea meli yalipungua mno. Walikaa humo majira yote ya giza, wengi wakiugua kiseyeye. Februari 1914, naye akiwa mgonjwa, aliondoka na mabaharia wawili na mbwa wa kuvuta sleji. Akafa karibu na kisiwa kile cha Rudolf, hata kabla ya kuvimaliza visiwa. Baada ya mapinduzi, serikali ya Kisovieti ilitangaza kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926 kwamba ardhi yote iliyo kaskazini mwa pwani yake, iliyojulikana na itakayojulikana baadaye, ni mali yake. Mwaka 1929 ikajenga kituo cha utafiti Tikhaya, ikaweka watu wa kupima hali ya hewa na kupandisha bendera. Wanorwe walilalamika, kwa kuwa wawindaji wao walikuwa wakienda huko kwa miaka mingi, lakini malalamiko hayakufika popote.

Ndipo tunapofikia tarehe 27 Julai 1931. Siku hiyo chombo cha angani cha Kijerumani, Graf Zeppelin, chenye urefu wa zaidi ya mita 230, kilishuka taratibu kikatua juu ya maji ya Ghuba ya Tikhaya. Meli ya Kisovieti ya kuvunjia barafu, Malygin, ilikuwa ikikisubiri. Mashua ikatoka melini, mabunda ya barua yakabadilishwa, na baada ya muda usiotosha kuchemsha maharage chombo kikapaa tena kwa kuogopa vipande vya barafu vilivyokuwa vikisogea. Barua hizo, maelfu kwa maelfu, hazikuwa na habari yoyote ya maana. Zilikuwa za wakusanyaji wa stempu wa Ulaya na Marekani, ambao fedha zao ndizo zilizosaidia kugharimia safari. Kwa hiyo mahali pasipo na mkazi palipelekewa barua nyingi kuliko ambazo Mbulu yote, nadhani, ilipokea mwaka ule.

Safari ile ilikuwa na kazi ya kisayansi pia, chini ya Rudolf Samoilovich, na humo limo jambo ninalopenda sana kuwaeleza wanafunzi wangu. Walipopiga picha kutoka angani waligundua kwamba baadhi ya visiwa vilivyochorwa kwenye ramani, kikiwamo kile kilichoitwa Harmsworth kwa heshima ya mwenye magazeti wa London, havikuwapo kabisa. Ramani ilikuwa imebeba kwa miongo kadhaa nchi isiyokuwapo, yenye jina la tajiri.

Miongoni mwa waliokuwa ndani ya Graf Zeppelin alikuwamo daktari Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen. Baadaye aliandika kitabu kuhusu safari ile. Huyu ndiye mtu wetu.

Maisha yake yalikuwa ya baridi tangu ujana. Mwaka 1911 alijiunga na msafara wa Wilhelm Filchner uliokuwa ukienda Antaktika, lakini alipofika Kisiwa cha South Georgia akapata ugonjwa wa kidoletumbo, akapasuliwa na kuachwa huko. Alitunzwa Grytviken, kituo cha wavua nyangumi kilichoanzishwa mwaka 1904 na Mnorwe Carl Anton Larsen. Akampenda binti wa Larsen, Margit, wakaoana, naye akaliunganisha jina la mkewe na lake. Mwaka 1928 walirudi wote wawili South Georgia kuchunguza barafu za kisiwa kile. Mwaka 1931 mume akapanda Graf Zeppelin. Na mwaka 1934 wote wawili wakafika Ziwa Eyasi.

Kwetu Haydom habari za Wanorwe huanzia hospitali iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1955. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba zaidi ya miaka 20 kabla yake, binti Mnorwe aliyekulia kwenye harufu ya mafuta ya nyangumi alikuwa amepiga hema kandokando ya ziwa letu akichambua udongo. Katika Pango la Mumba, kaskazini-mashariki mwa ziwa, Margit alikuwa mstari wa mbele wa uchimbaji. Tabaka za pango hilo, zilizochimbwa tena na wengine katika miaka ya 1970 na 1980, zimeonyesha kwamba binadamu wamekuwa wakipumzika hapo kwa zaidi ya miaka 100,000, na kwamba makumi ya maelfu ya miaka iliyopita walikuwa wakitoboa maganda ya mayai ya mbuni kufanya shanga. Mwaka 1935 msafara uliokota vipande vya fuvu la kale kwenye ufuko wa Eyasi. Mtaalamu wa Kijerumani, Hans Weinert, akatangaza kwamba ni jamii mpya ya binadamu na kuipa jina Africanthropus njarasensis, kwa kuwa katika maandishi ya Kijerumani Eyasi iliitwa Njarasa. Jamii hiyo mpya ilifutwa baadaye na wanasayansi, kama kile kisiwa cha Harmsworth.

Sitaki kumfanya Kohl-Larsen kuwa shetani. Alikuwa mchapakazi. Alirudi mwaka 1937 akakaa hadi 1939, na katika safari hiyo ya pili akapata kipande cha taya la kale sana huko Garusi, eneo ambalo ulimwengu sasa unalijua kwa jina la Laetoli. Alikusanya hadithi za Wahadzabe, Wairaqw, Waisanzu na Wanyaturu, zikachapwa Kijerumani katika vitabu kadhaa. Lakini alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, katika Ujerumani iliyokuwa na wengi waliotamani koloni lao la Afrika Mashariki lirudi, na haiwezekani kuyasoma maandishi yake kana kwamba jambo hilo halipo. Linalonisumbua zaidi ni dogo na la karibu: maktaba ya chuo ninachofundisha haina hata nakala moja ya hadithi hizo, kwa lugha yoyote. Mjukuu wa aliyesimulia huko Yaeda akitaka kuzisoma, ajifunze kwanza Kijerumani.

Na hakuwa Mzungu wa kwanza kuliandika ziwa hilo. Aliyetangulia ni Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, mji mkuu wa Franz Josef yuleyule, aliyepita mwaka 1892 akitoka Tanga. Vitabu vya Ulaya humwita mgunduzi wa Ngorongoro, Manyara na Eyasi.

Ni nani waliokuwapo? Hapa ndipo ninapoona fahari ya kwetu, na niruhusiwe kujisifu kidogo. Ukisimama juu ya Kilima cha Haydom siku ya anga safi na kutazama kaskazini, nchi inashuka kuelekea Bonde la Yaeda, na mbele zaidi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko Ziwa Eyasi, bwawa la chumvi ambalo kiangazi kikiwa kikali hugeuka kuwa uwanja mweupe wa magadi. Katika nchi hiyo moja zinakutana lugha ambazo vitabu vya isimu huziweka mbalimbali kabisa. Kiiraqw ni cha Kikushi. Kidatoga ni cha Kinailoti. Kiisanzu na Kinyiramba ni za Kibantu. Na Kihadza, chenye sauti zake za kidoko, hakina ndugu anayejulikana duniani. Mtu wa Haydom mwenye umri wangu aliyekulia mnadani anaweza kusalimia kwa lugha tatu kabla hajafika kwenye Kiswahili.

Wahadzabe ni kama 1,000 na ushei tu. Hawalimi wala hawafugi kwa asili yao. Huishi kwa mizizi, matunda, ubuyu, nyama ya porini na asali, na huhama kufuata vitu hivyo. Wajerumani waliwaita Watindiga, jina walilopewa na majirani. Matumizi yao ya ardhi hayaachi ua wala shimo la nguzo. Kambi ikihamwa, mvua mbili zinatosha kuifuta. Kwa jicho lililozoea kuona shamba ndipo likubali kwamba kuna mtu, Yaeda ni tupu kama Tikhaya.

Jicho hilo liligeuzwa kuwa sheria. Novemba 1895 Kaiser alitoa amri iliyotangaza kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Ukiiweka kando ya amri ya Kisovieti ya 1926 utaona zinafanana kama mapacha. Amri ya Moscow ilihusu dubu na walrasi. Amri ya Berlin ilihusu sisi, na mzigo wa kuthibitisha kwamba tupo ukawa wetu. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1923, wakaita ardhi yote ya Tanganyika ardhi ya umma chini ya Gavana.

Ingekuwa faraja kusema kwamba mambo hayo yaliondoka na bendera ya mkoloni. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ambayo ni yetu wenyewe na iliyotungwa Dodoma, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, iliyopitishwa mwaka huohuo, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana kwa miaka mingi kuhusu tofauti hiyo, na kwa mtu wa Masaki ubishi huo unaweza kuonekana wa kitaaluma tu. Kwa jamii inayotumia bonde lote kwa zamu ya misimu, neno “isiyotumiwa” linategemea nani amekuja kukagua, na amekuja mwezi gani.

Serikali ya uhuru nayo ilikuwa na nia njema iliyojengwa juu ya jicho lilelile. Katikati ya miaka ya 1960 Wahadzabe wengi walikusanywa Yaeda Chini, wapewe nyumba, shule na majembe. Magonjwa yaliingia katika makazi yale ya msongamano, watu wakafa, na baada ya muda mfupi waliobaki wengi wakarudi porini. Wakati huohuo wakulima na wafugaji, wakiwamo wa ukoo wangu mwenyewe, walikuwa wakisogea kutoka nyanda za juu za Mbulu. Sisi Wairaqw tunapenda kusimulia jinsi babu zetu walivyofyeka mapori ya mbung’o na kufungua nchi. Nimeisikia simulizi hiyo tangu utoto, na sikumbuki hata mara moja mtu akisema nchi ile ilifunguliwa kutoka mikononi mwa nani. Babu yangu alilima mahali ambapo mzee wa asali, alipokuwa mtoto, alichimba mizizi na mama yake. Yeye ndiye aliyenionyesha, bila ghadhabu, kama mtu anavyoonyesha mahali palipokuwa na mti.

Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji wa kitalii kutoka Falme za Kiarabu iliomba bonde hilo, na ikajiondoa baada ya kelele kupigwa ndani na nje ya nchi. Mwaka 2011 likatokea jambo la nadra: Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii nzima. Karatasi ile inasema kwa lugha ya serikali kile ambacho mzee alikisema mnadani. Tangu wakati huo wamekuwa wakilipwa pia kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti wasiyoikata, na wanunuzi wako mbali, wengine katika nchi za theluji. Hati haizuii ng’ombe kuingia kiangazi, wala haizuii shamba kusogea hatua kumi kila mwaka. Walinzi wa kijiji hutembea na simu wakiandika walichokiona. Kazi ni ngumu, na wavamizi mara nyingi ni watu tunaosali nao.

Kituo cha Tikhaya kilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyumba zake za mbao bado zimesimama, na ghuba sasa imo ndani ya hifadhi ya taifa ya Urusi. Majira ya kiangazi hufika meli za watalii, wakapiga picha za dubu na kutuma kadi za posta.

Nilimweleza mzee hayo pia, alipokuwa akimimina lita ya mwisho kwenye chupa ya mteja. Akafunga kifuniko cha dumu, akajifuta vidole.

“Nyuki wapo huko?”

“Hapana, babu. Hakuna hata mmoja.”

Akafikiri kidogo. “Basi huenda ni kweli haina watu,” akasema, akainuka kutafuta pikipiki ya kumrudisha Yaeda kabla ya mvua.